Mume wangu ana ngiri mwaka sasa, anairudisha kwa vidole kila usiku na hataki kusikia upasuaji

Shikamoo dada,

Naomba unisaidie na tafadhali usitaje jina langu, maana mume wangu huwa anapitia hii safu na akijua ni mimi nimeandika nyumbani patakuwa hapakaliki.

Mume wangu ana miaka 41, ni fundi ujenzi, yani kazi yake ni kubeba toka asubuhi mpaka jioni, mifuko ya simenti, nondo, ndoo za zege, na ni mtu wa sigara tangu ujana wake, kikohozi chake cha asubuhi nishakizoea mpaka siku nisipokisikia nashtuka. Sasa mwaka jana alianza kuota kauvimbe kwenye kinena upande wa kulia, kadogo kama ncha ya kidole gumba, akisimama kanatokeza akilala kanapotea. Akasema ni mshipa tu umekaza utaachia wenyewe. Haujaachia. Kameendelea kukua na hii miezi minne ya karibuni kameshuka mpaka kwenye korodani, jioni akirudi upande mmoja umejaa, analala chali anapandisha magoti anaanza kusukuma polepole kwa vidole, na mimi niko pembeni nasikia kabisa pananguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa, afu linapotea. Kila usiku dada. Imeshakuwa kama kupiga mswaki.

Hospitali alienda mara moja tu, akapimwa akaambiwa una ngiri inatakiwa upasuaji, akapewa tarehe, hakuna aliyekaa naye kumuelezea. Hajarudi tena. Kazini wamemwambia ukipasuliwa ngiri nguvu za kiume ndo basi, mwingine kamwambia kuna mtu alifanyiwa ikarudi palepale, mwingine kasema wanakuwekea wavu wa plastiki tumboni. Sasa hivi anakunywa mizizi, hii ni chupa ya tatu, aliyempa anadai inakausha ngiri, na kanunua mkanda anaubana chini ya suruali. Na kuna shemeji yetu mmoja kashikilia kwamba hiyo wala sio ngiri ni busha.

Kingine, mtoto wetu ana miezi 4 na kitovu kimetokeza, akilia kinavimba kinang'aa kama kaputo. Mama mkwe anasema karithi kwa baba yake, kaanza kumfunga kitambaa kimewekwa sarafu juu ya kitovu ili kirudi ndani. Sijui nimkatazeje.

Naomba unieleze ngiri ni kitu gani hasa, kama kuna dawa ya kunywa, kama kweli upasuaji unaua nguvu, na mtoto nimfanyeje.

Nilitaka kusahau, wiki mbili zilizopita kuna siku ilikataa kurudi, ikawa ngumu kama jiwe, akatokwa jasho akawa analaumu tu, ilichukua kama saa moja na nusu ndo ikarudi yenyewe. Kesho yake akaenda kazini kama kawaida.

Mke mwenye mawazo

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Jina lako halitatoka, na mumeo akisoma hapa asome mpaka mwisho, maana nimeandika nikimfikiria yeye kuliko hata wewe.

Nianze na kile ulichokaribia kukisahau. Hiyo siku ngiri ilipogoma kurudi kwa saa moja na nusu ikawa ngumu kama jiwe ndo jambo kubwa kuliko yote uliyoandika, na ingekuwa wewe ni mdogo wangu wa kuzaliwa ningekuja mlangoni kwenu leo. Kabla ya siku ile mumeo alikuwa mtu mwenye ngiri ambaye anaweza kukaa na daktari wakapanga tarehe bila haraka. Baada ya siku ile hayuko tena kwenye kundi hilo. Ngiri iliyokwama mara moja ikaachia imekuonyesha kuwa kukwama inaweza, na siku nyingine inaweza isiachie. Kwa hiyo arudi hospitali wiki hii hii, asingoje amalize chupa wala amalize kazi ya watu, na akifika amwambie daktari kwa mdomo wake "ilikwama saa moja na nusu", maana asiposema wataiona ni ngiri ya kawaida watamrudisha kwenye foleni ya kawaida.

Nimefanya kazi ya unesi miaka mingi na mingi katika hiyo nilikuwa wodi ya upasuaji, nimeona ngiri za kila namna. Kuna baba mmoja sitamsahau, aliletwa usiku, ngiri yake imekwama siku ya tatu, siku zote hizo alikuwa nyumbani anakandwa na maji ya moto na kusuguliwa mafuta. Tumbo limejaa kama ngoma, anatapika vitu vya kijani, ngozi ya kinena imebadilika rangi. Daktari alipofungua pale ule utumbo badala ya kuwa wa pinki unaong'aa ulikuwa mweusi, umelegea, na harufu ilijaa chumba kizima. Ikabidi akate kipande akaunge. Yule baba alipona lakini alikaa wodini wiki kadhaa, na upasuaji ambao ungekuwa wa saa moja na kidogo, kidonda kidogo kwenye kinena, ukawa wa kufungua tumbo. Sisemi hivi kumtisha mumeo, nasema kwa sababu yule baba naye alikuwa anairudisha kwa vidole kila usiku, miaka mitatu, akaona ameimudu.

Sasa ngiri ni nini. Tumbo letu kwa mbele limezibwa na ukuta wa misuli na utando mgumu, kazi yake ni kushikilia utumbo na mafuta ya ndani visitoke. Ukuta huo una sehemu ambazo kwa maumbile ni dhaifu, na kwa mwanaume kinena ndo sehemu dhaifu kuliko zote, na sababu yake inaanzia tumboni kwa mama. Mtoto wa kiume korodani zake hazianzi pale zilipo, zinaanzia juu huko karibu na figo, zinashuka taratibu na miezi ya mwisho ya mimba ndo zinapita kwenye kinjia cha kinena kuingia kwenye mfuko wake. Kinjia hicho kinatakiwa kijibane baada ya hapo. Kwa wengine hakifungi vizuri, kwa wengine kinafunga lakini ukuta unachakaa na umri na kazi. Basi ukiongeza presha ya ndani, kubeba mizigo, kukohoa miaka nenda rudi, kukamua choo kigumu, kukamua mkojo kwa wazee wenye tezi dume, kitu cha ndani kinatafuta penye udhaifu kinachungulia nje. Kinachochungulia ndo ule uvimbe, na ule mngurumo unaousikia usiku ni utumbo wenyewe mdogo wangu, una hewa na maji ndani, unarudi nyumbani kwake.

Kwa wanaume ni jambo la kawaida mno, inakadiriwa karibu mwanaume mmoja kati ya wanne atapata ngiri ya kinena katika maisha yake, kwa wanawake ni kama 3 katika 100. Kwa hiyo hapo kazini kwake wanapomcheka au kumtisha, wamo wenye nayo wamenyamaza.

Ukishaelewa kwamba ngiri ni tundu, swali la dawa linajijibu. Hakuna kidonge, mzizi, sindano wala mafuta yanayoziba tundu kwenye ukuta wa tumbo la mtu mzima. Sidharau dawa za asili kwa ujumla wake, ila kwa hili hapana. Na najua kwa nini watu wanaapa kwamba zimewasaidia, ni kwa sababu ngiri yenyewe ina tabia ya kutoka na kuingia, leo inauma kesho imetulia, ukilala imepotea, kwa hiyo ukinywa kitu jioni ukalala ukaamka asubuhi hakuna uvimbe unasema chupa imefanya kazi, kumbe kilichofanya kazi ni kulala chali. Mkanda nao ni hivyo hivyo, unabana uvimbe usitokeze lakini tundu liko palepale, na ukibanwa wakati utumbo bado uko nje unaweza kuufinya vibaya. Kuna wazee wasioweza kabisa kufanyiwa upasuaji ambao daktari anaweza kuwapa mkanda na kuwafundisha kuuvaa wakiwa wamelala. Mumeo hayumo humo.

Mizizi nayo nina neno moja zaidi, nyingine zinaharisha na nyingine zinafunga choo, na kukamua chooni ni adui wa ngiri. Aiache, na amwambie daktari alikuwa anakunywa nini, daktari wa nusu kaputi lazima ajue.

Kuhusu busha, shemeji yenu hajakosea kuuliza maana vyote viwili vinajaza mfuko wa korodani na watu wengi wanaviita jina moja, mshipa. Ila busha ni maji yaliyokusanyika kuzunguka korodani, hayarudi tumboni ukilala wala hayangurumi. Daktari akitaka kuhakikisha anashika pale juu ya uvimbe, kama ni busha vidole vyake vinakutana juu yake maana uvimbe umeishia kwenye mfuko, kama ni ngiri havikutani kwa sababu uvimbe unaendelea kupanda mpaka kwenye kinena. Wengine wanamulika tochi gizani, maji yanapitisha mwanga. Afu atamwambia asimame akohoe huku kidole kiko kwenye kinena, ngiri inagonga kidole. Mara nyingi hicho kipimo cha kidole kinatosha kabisa, ultrasaundi inaongezwa pale wanapokuwa na shaka. Kwa maelezo yako, la kutoka na kurudi na kunguruma, hiyo ni ngiri.

Sasa upasuaji wenyewe, maana nadhani hakuna aliyemkalisha akamuelezea na ndo maana akakimbia, na kwakweli mie siwezi kumlaumu, mtu ukiambiwa tu "utapasuliwa" na tarehe juu ya karatasi lazima kichwa kijaze mengine.

Zamani sana walikuwa wanajaribu kila kitu, kuchoma, kukata, kutoa mpaka korodani. Aliyeleta mabadiliko ni daktari wa Italia, Edoardo Bassini, miaka ya 1880, yeye alirudisha utumbo ndani akashona tabaka za misuli pamoja kujenga upya ukuta wa kinena. Njia yake ikatumika karibu miaka 100. Shida yake ni kama unapoishona nguo iliyochakaa kwa kuvuta kingo mbili zikutane, uzi unashika lakini kitambaa kinavutika, mwenye nguo akiinama pale pembeni panachanika. Ndo maana za zamani zilirudi sana, na huenda huyo waliyemwambia mumeo kwamba ilirudi alishonwa hivyo. Miaka ya 1980 daktari Irving Lichtenstein na wenzake kule Los Angeles wakaleta wazo la kutovuta kingo, badala yake unaweka kiraka cha wavu juu ya tundu, unakishona kingo zake, na nyama ya mwili inaota inapita kwenye vitundu vya ule wavu mpaka vinakuwa kitu kimoja. Huo ndo "wavu wa plastiki" waliomtisha nao. Mara nyingi umetengenezwa na polipropilini, ambayo hata nyuzi za kushonea wagonjwa zimetengenezwa nayo tangu zamani. Ni mwepesi, ukiushika ni kama kipande cha chandarua.

Na nikisema chandarua sisemi kwa mfano tu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uganda, wanaume 302 wenye ngiri ya kinena, nusu wakawekewa wavu wa kiwandani wa bei kubwa na nusu wakawekewa wavu wa kitambaa cha aina ya chandarua uliosafishwa na kuuawa vijidudu vyote kitaalamu. Wakafuatiliwa mwaka mzima. Kwa kundi zima la chandarua ngiri ilirudi kwa mtu mmoja, kwa kundi la pili hakuna, tofauti ambayo kitaalamu haina uzito. Mimi niliposoma ule utafiti nilifurahi kwelikweli, maana nimeona wagonjwa wakishonwa kwa njia ya zamani kwa sababu tu wavu hakuna. (Jamani mtu asikate chandarua cha nyumbani, pale kulikuwa na usafishaji maalumu wa hospitali.)

Kwa ngiri kama ya mumeo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufungua kinena, mkato wa kama urefu wa kidole, wanarudisha utumbo, wanauondoa au kuurudisha ndani ule mfuko uliobeba utumbo, wanaweka wavu, wanafunga. Inaweza kufanywa kwa ganzi ya palepale, au sindano ya mgongoni inayotia ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini, au nusu kaputi. Ya pili ni ya matundu madogo na kamera, wanaweka wavu kwa ndani, hii inasaidia sana mwenye ngiri pande zote mbili au iliyorudi baada ya kufunguliwa mbele, lakini inataka nusu kaputi na vifaa na daktari aliyeizoea. Asije akakataa ya kwanza eti anangoja ya kamera. Daktari anayefanya ya kufungua kila wiki ni bora kuliko anayeibahatisha ya kamera.

Atatembea siku hiyo hiyo au kesho yake, wengi wanarudi nyumbani ndani ya siku moja. Wiki ya kwanza anaumwa akisimama na akikohoa, mfundishe akohoe ameweka mto mdogo au kiganja juu ya kidonda amekaza kidogo. Mfuko wa korodani unaweza kuvimba na kugeuka bluu au zambarau, wanaume wanaogopa sana wakiona hivyo lakini ni damu kidogo imeshuka, inaisha yenyewe. Chini ya kovu atasikia kitu kigumu kama kamba, nacho kinalainika baada ya wiki kadhaa. Kinachomrudisha hospitali mbio ni homa, usaha, kushindwa kukojoa, uvimbe unaokua kwa kasi, au kutapika na tumbo kujaa. Kazi nyepesi anaweza baada ya wiki moja mbili, ila mifuko ya simenti na zege hapana, ajipe wiki 4 mpaka 6 na arudi polepole, kwa hiyo mkae mpange mapema mtaishije hizo wiki, maana najua na hilo ni sababu mojawapo anayoikwepa ingawa hajaisema.

Tuje kwenye nguvu za kiume, ndo lililojaza barua za wasomaji kuliko lingine. Mishipa ya fahamu na ya damu inayofanya uume usimame haipiti kwenye kinjia cha ngiri, inapita ndani chini ya nyonga. Upasuaji wa ngiri hauigusi. Kinachopita pale ni mrija wa mbegu, mishipa ya damu inayolisha korodani, na mishipa midogo ya fahamu inayoleta hisia ya ngozi ya kinena, na daktari anaisogeza pembeni kwa uangalifu. Sitakudanganya kwamba hakuna hatari yoyote. Wapo wanaobaki na ganzi ya ngozi pale, na wapo kama mmoja katika kumi wanaobaki na maumivu ya kinena miezi mingi baadaye, kwa wachache sana makali ya kuwasumbua katika kazi na tendo. Korodani kukosa damu ikasinyaa inatokea lakini mara chache, zaidi kwa ngiri iliyokwisharudi na kufanyiwa tena. Kurudi kwa ngiri kwa wavu uliowekwa vizuri ni watu wachache katika 100. Hayo amuulize daktari wake uso kwa uso, ana haki. Lakini nguvu zenyewe haziondoki, tena nimeona wanaume waliorudi wakasema afadhali, maana kabla yake walikuwa wanakwepa wake zao kwa aibu ya ule uvimbe na kwa maumivu. Tendo lenyewe mtarudi pale maumivu yatakapokuwa yameisha, wengi ni wiki mbili hivi, hakuna tarehe maalumu.

Kuna jambo atalikuta akiuliza huko na huko nataka alijue vizuri. Ataambiwa si lazima kila ngiri ipasuliwe, na ni kweli. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wanaume 720 wenye ngiri isiyowasumbua au inayosumbua kidogo tu, nusu wakapasuliwa nusu wakaangaliwa tu, na walioangaliwa waliokwama ghafla walikuwa wachache sana, chini ya wawili kwa mwaka katika kila watu 1,000. Sasa asishike hapo akanyamaza. Hao ni wale ambao ngiri haiwasumbui, na walipofuatiliwa miaka 10 ilikadiriwa karibu 7 katika 10 waliishia kupasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu. Ya mumeo imeshuka kwenye korodani, inakua, na imeshakwama mara moja. Hiyo sio ya kuangaliwa.

Kikohozi na sigara ndo nataka aanze navyo leo hata kabla ya tarehe. Kikohozi cha miaka kipimwe kwanza, asidhani ni sigara tu, na aache sigara angalau mwezi kabla ya upasuaji kama muda unaruhusu, kidonda cha mvutaji kinapona vibaya na kila kikohozi kinasukuma palepale paliposhonwa. Wakimwambia aingie mapema kuliko mwezi kwa sababu ilikwama, aingie, asitumie sigara kama sababu ya kuahirisha. Anywe maji, choo kiwe laini. Kuirudisha taratibu akiwa amelala sawa, mpaka siku ya upasuaji hana budi, lakini asiisukume kwa nguvu hata siku moja, na ikiuma na kuwa ngumu asiisukume kabisa.

Maana hapo ndo wewe unaingia. Ikitokea tena ikakataa kurudi, ikauma, ikawa ngumu, au ngozi imekuwa nyekundu au nyeusi, au anatapika, au hajambi wala hapati choo, hapo hakuna kungoja asubuhi. Usimpe chakula wala kinywaji, usimkande, usimpe dawa ya kuharisha, ni kwenda hospitali yenye upasuaji muda huo huo hata kama ni saa nane za usiku. Utumbo uliokosa damu unahesabiwa kwa masaa. Jueni kuanzia leo mtaenda hospitali gani na nani atawapeleka.

Mtoto sasa, hapa nina habari nzuri. Kitovu cha mtoto wa miezi 4 ni ngiri pia lakini ni ndugu mpole. Pale palipopita kitovu palikuwa na tundu la kawaida ambalo linatakiwa lijifunge baada ya kuzaliwa, kwa watoto wengi linachelewa, hasa watoto wenye asili ya Afrika na waliozaliwa kabla ya wakati, na wengi sana linajifunga lenyewe kufikia miaka minne mitano. Hajarithi ngiri ya baba yake, ya kinena na ya kitovu hazina chanzo kimoja. Mtoto halii kwa sababu ya kitovu, kitovu kinavimba kwa sababu analia. Kufunga kitambaa na sarafu hakuharakishi chochote, na kunachubua ngozi, kunatunza jasho na uchafu, na sarafu ikichomoka mtoto anaweza kuimeza. Kwa mama mkwe usiende na maneno ya kumkosoa, mpeleke mtoto kliniki siku ambayo bibi yake yuko, muombe nesi aseme mbele yake, atalipokea kwa nesi. Kikibaki mpaka miaka mitano, au kikiwa kikubwa kinazidi kukua, ndo wanafikiria kukishona. Na kikiwa kigumu kinauma hakirudi na mtoto anatapika mkimbizeni hospitali, ingawa kwa kitovu ni nadra.

Ila siku ukimwogesha ukaona uvimbe kwenye kinena chake au mfuko wake wa korodani umejaa akilia, huo sio wa kungoja miaka. Ngiri ya kinena kwa mtoto mchanga haijifungi na inakwama kirahisi, wanaifanyia upasuaji mapema. Mwangalie hapo kila unapombadilisha nepi.

Kwa mumeo, usimwambie leo "nimeandika kwa dada". Mngoje alale chali usiku, amalize kuirudisha, afu mkumbushe ile siku ya jasho, muulize tu alikuwa anawaza nini ile saa moja na nusu. Nadhani alikuwa anaogopa sana na hajapata mtu wa kumwambia. Mwambie kesho mnaenda wote, na wewe uingie naye mpaka kwa daktari, uandike maswali kwenye karatasi, la nguvu za kiume liwe la kwanza ili asiliogope. Niandikie wakishampa tarehe.